Jaketi la Ngozi la Kale la Kiingereza: Lijue Kabla Hujaliuza

Marobota ya mitumba kutoka Uingereza hufunguliwa kila siku kwenye masoko ya Gikomba, Karume na Owino, na mara mojamoja hutoka humo jaketi jeusi la ngozi, zito, lenye zipu ya chuma iliyokaa mshazari kifuani na bitana nyekundu iliyochanika kwapani. Mwenye robota hulitazama, akaona uzee, akalitundika pamoja na mengine kwa bei ya mengine. Mara nyingi hakosei. Majaketi mengi ya zamani ni ya zamani tu. Ila yapo machache ambayo mtu wa London au Tokyo atayalipia mamia ya pauni, na yaliyo adimu hasa huvuka elfu moja, kwa sababu ya vitu vilevile ambavyo sokoni kwetu huhesabiwa kasoro. Makala haya ni ya mtu aliyekutana na mojawapo: kwenye robota, kwenye duka la hisani kule Leicester au Reading, au kwa mzee aliyelivaa mwenyewe enzi zake za pikipiki.

Ushauri wa kwanza ni mgumu kwa aliyezoea soko: usilirekebishe. Tumezoea kuipendezesha bidhaa kabla ya kuitundika, na kwa shati au suruali hiyo ni akili. Kwa jaketi hili ni kujitia hasara. Zipu ya chuma ya miaka ya 1950 iliyokwama ina thamani kuliko zipu mpya ya plastiki inayoteleza. Bitana iliyochanika, ikiwa ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, isiguswe. Fundi cherehani akishaing'oa na kuweka satini nyeusi, mara nyingi lebo nayo huishia kwenye pipa la taka. Rangi ya viatu ndiyo mbaya kupita zote. Huingia ndani ya ngozi, huficha mikwaruzo ambayo mnunuzi anataka kuiona, kisha humchafulia shati siku ya kwanza anapolivaa. Maji na sabuni ya unga huondoa mafuta ya ngozi, na likianikwa juani baada ya hapo hukakamaa na kupasuka, wala hakuna fundi atakayelirudisha.

Mtu anayetafuta jaketi la aina hii ana fundi wake anayemwamini. Anataka kulipokea lilivyo, aamue mwenyewe nini kitengenezwe. Wewe unaruhusiwa kitambaa laini kikavu, mswaki laini kwenye mishono, na hanga pana mahali penye hewa na kivuli. Usilifunge kwenye mfuko wa plastiki, hasa ukiwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kwa maana unyevu wa pwani utalitia ukungu ndani ya wiki chache.

Sasa lifungue, uligeuze ndani nje, utafute lebo. Kwa kawaida imeshonwa chini ya kola upande wa mgongo, lakini yapo majaketi yenye lebo ndani ya mfuko wa kifuani, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Jina la kwanza la kulitafuta ni D. Lewis, au Aviakit, au Lewis Leathers. Yote matatu ni ya nyumba moja, iliyoanza 1892 katika mtaa wa Great Portland, London, ikawavalisha marubani na madereva wa magari ya kwanza kabla ya kuwa jina kubwa la waendesha pikipiki. Jaketi lao liitwalo Bronx, la miaka ya 1950, na lile la Lightning lililofuata, ndiyo yaliyovaliwa na vijana wa pikipiki waliojulikana kama Rockers, waliokuwa wakikutana Ace Cafe kwenye barabara ya North Circular. Miaka ya 1970 wanamuziki wa punk wakayachukua. Wajapani nao wakayapenda mpaka leo, na soko la Tokyo ndilo lililopandisha bei kuliko hata Waingereza wenyewe.

Lewis si jina pekee. Mascot, Highwayman, na Pride & Clarke, wauza pikipiki wa Stockwell Road kusini mwa London, yote ni majina ambayo mkusanyaji atasimama akiyaona. Belstaff linahitaji uangalifu. Kampuni hiyo ilianzishwa 1924 huko Longton, Stoke-on-Trent, lakini umaarufu wake wa zamani ulitokana zaidi na majaketi ya pamba iliyopakwa nta. Majaketi ya ngozi ya Belstaff yanayojaa mitandaoni leo mengi ni ya karne hii, yametengenezwa baada ya jina kubadili wamiliki. Ni mazuri, yana bei yake, ila usimwambie mtu kwamba ni ya kale.

Lebo yenyewe, ukiisoma polepole, inataja umri wa jaketi bila kuandikwa mwaka. Hapa ndipo penye kazi tamu, nami huwa sichoki nayo. Anza na namba ya simu. Kama imeandikwa herufi tatu kisha tarakimu, mfano LAN au MUS kwa simu za katikati ya London, lebo hiyo ilichapwa kabla au karibu na 1966, mwaka ambao Uingereza ilianza kuondoa herufi na kutumia tarakimu tupu. Namba ya London inayoanza na 01 ni ya kabla ya Mei 1990. Ikianza na 071 au 081, ni kati ya 1990 na 1995. Ikianza na 0171 au 0181, ni kati ya 1995 na 2000. Ikianza na 020, ni ya tangu 2000, na mtu anayekuambia kwamba jaketi hilo lilivaliwa Ace Cafe mwaka 1962 anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tazama na anwani. London, W.1 peke yake ni mtindo wa zamani. Msimbo mrefu wa posta, wenye herufi na tarakimu pande mbili, ulienea nchini humo hatua kwa hatua hadi 1974. Ukikuta karatasi ya bei bado imening'inia, na bei ni ya pauni, shilingi na peni, ni ya kabla ya Februari 1971, Waingereza walipobadili hesabu ya fedha zao. Ukikuta muhuri wa herufi mbili za C zilizojazwa wino na tarakimu 41 kando yake, hiyo ni alama ya serikali ya nguo za wakati wa vita na mgawo, iliyotumika kuanzia 1941 hadi 1952. Kitambulisho hicho ni kidogo kama kucha ya kidole gumba, na nimeona watu wakikikata kwa kudhani ni bei ya dukani.

Tahadhari moja tu. Viwanda havikutupa lebo za zamani siku namba ya simu ilipobadilika, vilizimaliza kwanza. Kwa hiyo lebo inakupa kipindi, haikupi mwaka. Ukiandika "miaka ya 1960" utaaminika. Ukiandika "1963" bila risiti, mjuzi atakuuliza umejuaje, na hutakuwa na jibu.

Baada ya lebo, zipu. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, usome kilichoandikwa kwenye kichwa cha zipu. Jina Lightning ni la kiwanda cha Kiingereza cha Witton, Birmingham, na ukilikuta kwenye zipu ya mbele na za mikono, jaketi limeanza kujieleza. Usichanganye hiyo Lightning ya zipu na jaketi la Lewis lenye jina hilohilo. Watu huchanganya kila siku. YKK ni ya Kijapani, nayo ilianza kutengeneza zipu Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Zipu ya YKK kwenye jaketi linalodaiwa kuwa la 1955 ina maana moja kati ya mbili: jaketi si la 1955, au zipu ilibadilishwa. Utajuaje ni ipi? Angalia mshono unaoishikilia. Zipu ikibadilishwa, sindano ya fundi haipiti kwenye matundu yaleyale yote. Pembeni ya uzi mpya utaona safu ya vitundu vitupu, vidogo, vilivyopauka, ambavyo ngozi haikuviziba. Ngozi haisahau sindano. Ukiviona, viandike kwenye maelezo yako, usivifiche, kwa sababu mnunuzi naye ana kioo cha kukuzia.

Jaketi la Irvin ni somo peke yake. Hili si la pikipiki. Ni la rubani, la ngozi ya kondoo yenye sufu ndani, kola pana yenye mikanda, la kumkinga mtu asigande akiwa angani ndani ya ndege isiyo na joto. Leslie Irvin, Mmarekani aliyejulikana kwa miavuli ya kurukia, alifungua kiwanda Letchworth mwaka 1926, na jaketi lake likawa vazi la wanahewa wa RAF, jeshi la anga la Uingereza, katika Vita vya Pili vya Dunia. Majaketi ya mwanzoni mwa vita yalikatwa kwa vipande vikubwa vya ngozi. Kadiri vita vilivyoendelea vipande vikawa vidogo na mishono mingi, ili hata mabaki ya ngozi yatumike. Mtu akikuonyesha Irvin lenye mishono mingi mgongoni, usidhani ni la bandia kwa sababu hiyo. Huenda ni la 1943. Lebo ya kweli ina alama za Wizara ya Anga, A.M. na taji, na namba ya ghala inayoanza na 22C. Bahati mbaya nyingi zimechakaa au zimeng'oka kabisa.

Kuna kampuni zinazotengeneza nakala za majaketi haya kwa uaminifu na ustadi mkubwa, kama Eastman ya Devon na Aero Leather ya Scotland. Kosa si lao. Kosa ni la mtu wa tatu anayeing'oa lebo ya Eastman na kulisugua jaketi kwa msasa ili lionekane limetoka vitani. Kwa hiyo alama ya mstatili mahali ambapo lebo ilikatwa ni jambo la kulitaja na kulipiga picha. Na ukikuta ndani ya Irvin jina limeandikwa kwa wino, na namba ya askari, usilifute wala usilipigie mstari liwe wazi zaidi. Majina ya maofisa wa RAF yalichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, na nyaraka nyingi za vita ziko kwenye hifadhi ya taifa huko Kew. Jina moja linalothibitika linaweza kuongeza bei kuliko ngozi yote iliyobaki.

Hapo tunafika kwenye hadithi. Kila muuzaji ana hadithi: lilikuwa la babu, lilikuwa la rubani, lilivaliwa na mwanamuziki fulani. Hadithi yenye picha ya babu amelivaa, ameketi juu ya pikipiki yake ya Triumph mbele ya nyumba, ni pesa. Hadithi yenye risiti ya duka au barua ni pesa pia. Isiyo na karatasi isimulie kwa unyenyekevu, kwa maneno kama "familia inaeleza kwamba", au iache kabisa. Beji za klabu, kama zile za 59 Club, na michoro ya mkono mgongoni, ziache zilipo hata kama wewe huzipendi. Vijana walizibandika wenyewe, na ndizo zinazolitofautisha jaketi hilo na jingine la kiwanda kilekile.

Je, ni adimu kweli? Neno hilo limetumiwa mpaka limekonda. Jaketi jeusi la Lewis la saizi 38 ni zuri, lakini yapo. Ya rangi, mekundu au ya buluu, ni machache. Saizi kubwa, kuanzia 44 kwenda juu, ni chache kwa sababu vijana wa wakati ule walikuwa wembamba, na wanunuzi wa leo sivyo. Kwa sababu hiyohiyo usiiamini tarakimu ya kwenye lebo. Saizi 40 ya 1960 humbana mtu anayevaa 40 ya leo. Lilaze jaketi mezani, lifunge zipu, upime kwa futikamba: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono kutoka kwenye mshono wa bega, urefu wa mgongo kutoka chini ya kola. Andika kwa inchi na kwa sentimita. Vipimo hivyo vinne vitakuokoa na ugomvi mwingi kuliko sifa kumi.

Hali ya ngozi isemwe kama unavyomweleza daktari. Ikunje kidogo karibu na kiwiko: ikitoa mistari na kurudi, ni hai; ikitoa unga mwekundu kama kutu mikononi mwako, imeanza kuoza, na hakuna mafuta yatakayoiponya. Vuta mishono ya kwapa taratibu. Uzi wa pamba huoza kabla ya ngozi. Nusa. Harufu ya ukungu, ya tumbaku au ya petroli haionekani kwenye picha, kwa hiyo iandike. Kwa Irvin, tafuta nondo kwenye sufu.

Picha zipigwe mchana, kivulini, nje au karibu na dirisha, bila kichujio cha simu kinachong'arisha rangi. Mbele, nyuma, ndani, lebo kwa karibu, kila kichwa cha zipu, bizimu, kila tundu na kila doa. Weka kidole au sarafu kando ya mchaniko ili ukubwa wake ujulikane. Chagua pia alama moja iliyojificha, labda mshono uliokwenda kombo ndani ya mfuko, uipige picha ubaki nayo mwenyewe bila kuitangaza. Upo utapeli ambapo mtu hununua jaketi zuri, kisha akarudisha bovu lake akidai ndilo ulilotuma. Alama hiyo ndiyo shahidi wako.

Bei usiitafute kwenye matangazo. Mtu yeyote anaweza kuandika pauni 3,000 na kukaa nayo miaka mitatu. Kwenye eBay ya Uingereza chagua uonyeshwe vilivyouzwa tayari, na ulinganishe jaketi lako na la jina hilohilo, umri huohuo, hali hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba Lewis Leathers bado ipo London na jaketi lake jipya huuzwa kwa takriban pauni elfu moja. Anayetaka kuvaa tu ataweka lako kwenye mizani na jipya, anayekusanya hatajali. Unauza kwa yupi kati yao? Jibu hilo ndilo linalopanga bei.

Mnada wa eBay wa siku saba unafaa kwa jaketi lenye jina kubwa, kwa sababu wakusanyaji wameweka arifa na wataliona wenyewe. Mtandao wa Etsy hupokea nguo za kale zenye miaka isiyopungua 20, na wateja wake hulipa kwa uzuri zaidi kuliko kwa historia. Nyumba za mnada zinazojua mavazi, kama Kerry Taylor Auctions ya London, zinafaa kwa kile chenye nyaraka za uhakika au cha mtu maarufu. Zitakata kamisheni, nawe utasubiri tarehe ya mnada. Mwenye duka la nguo za kale atakulipa papo hapo, mara nyingi nusu ya bei atakayouzia au chini yake, kwa kuwa naye ana kodi ya duka. Sioni ubaya kumuuzia, mradi umejua unachokiacha mezani.

Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, mteja wa kwanza wa kujihadhari naye ni yule anayepita kwenye meza yako. Akiuliza bei kabla ya kulitazama, ni mnunuzi wa kawaida. Akiligeuza, akapiga picha lebo kwa simu, akalirudisha kama hana haja nalo, kisha akasema, "Mama, hilo kuukuu unaliachia ngapi?", mwambie limeshikwa na mtu. Kesho atarudi. Wewe usiku huo fanya utafiti wako.

Kuliuza Ulaya au Japani ukiwa huku kunawezekana, ila usafirishaji wa kilo mbili hadi tatu kwa kampuni ya vifurushi ni ghali, kwa hiyo wengi hulituma kwa ndugu aliyeko Uingereza aliuze kule. Ni njia nzuri, na ndiyo njia inayovunja undugu. Kabla halijapanda ndege, andikianeni kwa WhatsApp: nani analipia usafiri, bei ya chini ni ipi, ada za mtandao zinatoka wapi, kila mmoja anapata fungu gani, na litakaporudishwa na mnunuzi itakuwaje. Shangazi yako wa Birmingham hatakasirika kwa kuulizwa. Atakasirika baadaye, kama hakuulizwa.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanaofanya kazi ya kutunza wazee wasome hapa mara mbili. Mzee wako wa miaka 84 akifungua kabati na kukuambia, "Chukua, mwanangu, hili silivai tena," moyo wake ni safi na wako pia. Usilichukue. Waajiri wa kazi hiyo wana masharti makali kuhusu zawadi kutoka kwa wateja, na jaketi linaloonekana kuukuu leo likiuzwa kwa pauni 900 mwezi ujao, watoto wa mzee watauliza lilitokaje. Mweleze msimamizi wako, familia ijulishwe, na ruhusa iwe ya maandishi. Bila hayo, mshukuru mzee, ulirudishe kabatini. Wanaojitolea kwenye maduka ya hisani nao wana utaratibu wa duka wa kununua. Kulipitisha dirishani ni wizi, hata kama meneja hakujua lina thamani gani.

Kodi ya Uingereza haimtishi mtu anayeuza jaketi lake moja. Mali binafsi inayouzwa kwa pauni 6,000 au chini haitozwi kodi ya faida. Ukianza kununua ili kuuza, hiyo ni biashara. Mauzo ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi yamesamehewa, yakizidi ujiandikishe. Tangu 2024 mitandao ya mauzo huwapelekea watoza kodi taarifa za anayeuza vitu 30 au zaidi kwa mwaka, au anayepokea zaidi ya yuro 2,000, kwa hiyo kujificha hakupo.

Matapeli hawana ubunifu mkubwa. Mmoja atataka mtoke kwenye mtandao mzungumze pembeni. Mwingine atakutumia barua pepe inayofanana na ya PayPal ikisema pesa zimeshikiliwa hadi utume namba ya mzigo. Wa tatu atadai amelipa zaidi kwa bahati mbaya, umrudishie chenji. Fungua akaunti yako mwenyewe kwa anwani unayoijua, uangalie kama fedha zipo. Kama hazipo, hazipo.

Kulifunga: jaza karatasi nyeupe laini mikononi na kwenye mabega, likunje mara moja tu kiunoni, karatasi iwe kati ya ngozi na ngozi, kisha liweke kwenye sanduku gumu lenye nafasi. Plastiki iwe ya nje, ya kuzuia mvua. Jirekodi video ukilifunga, kuanzia ile alama yako ya siri hadi gundi ya mwisho. Tuma kwa huduma yenye ufuatiliaji na bima ya bei kamili. Mnunuzi wa ng'ambo atakuomba uandike "zawadi, pauni 20" kwenye fomu ya forodha ili akwepe ushuru. Kataa kwa adabu. Ni uongo kwa serikali, na mzigo ukipotea bima itakulipa pauni 20. Kwa wateja wa Marekani, wajulishe mapema kwamba msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800 ulisimamishwa Agosti 2025, wasije wakakulaumu wewe.

Pesa ikiingia, usiikimbilie. eBay humpa mnunuzi siku 30 za kulalamika kwamba alichopokea sicho kilichoelezwa, na PayPal hupokea malalamiko hadi siku 180. Iweke kando walau mwezi mmoja, tunza picha na video zako kwa miezi sita, na ujumbe wa mnunuzi usioupenda ujibu siku hiyohiyo, kwa heshima, humohumo kwenye mtandao mlikouziana.